Hujambo ni Swali: Upendo na Huruma katika Lugha Tunayoisoma

Miongoni mwa maneno ya kwanza kabisa ambayo mgeni hufundishwa anapoanza kujifunza Kiswahili ni ‘hujambo’. Sisi tunaoisoma lugha hii katika kiwango cha chuo kikuu tumelizoea neno hilo kiasi kwamba hatulitazami tena. Hata hivyo, mwanafunzi yeyote wa mofolojia akilichanganua ataona kwamba limebeba kiambishi cha ukanushi cha nafsi ya pili umoja, hu-, pamoja na nomino ‘jambo’. Anayekuamkua kwa neno hilo hakutakii asubuhi njema. Anakuuliza: je, huna jambo? Hakuna lililokusibu? Nawe ukijibu ‘sijambo’, unatoa taarifa kwamba hakuna neno, mambo yako ni shwari. Kwa hiyo salamu yetu mashuhuri ni swali, na swali lenyewe linahusu hali ya mwenzako.

Dai langu katika makala haya ni kwamba uhusiano wetu, uwe wa urafiki, wa kimapenzi, wa kifamilia au wa kitaaluma, unadhoofika kwa sababu tunaendelea kuuliza swali hilo bila kungoja jibu. Tunazungumza sana juu ya upendo. Tunauchambua katika riwaya, tunauhakiki katika mashairi, tunauandikia insha na tasnifu. Lakini upendo haukui kwa kujadiliwa. Hukua pale mtu mmoja anapomwelekea mwingine, akamuuliza hali yake, akasubiri kusikia, kisha akatenda kulingana na alichokisikia. Lugha yetu imeyahifadhi mafunzo haya katika msamiati na sarufi yake. Ajabu ni kwamba sisi tuliojitwika jukumu la kuisoma ndio pengine tulio wepesi zaidi wa kuyasahau.

Upendo na upendeleo

Tuanze na mzizi -pend-. Kutokana na mzizi huu tunapata pendo, upendo, mapenzi, mpenzi, kipenzi na pendekezo. Tunapata pia kitenzi ‘pendelea’, na kutokana nacho ‘upendeleo’. Hivyo basi neno tulitumialo kusifu fadhila iliyo kuu na neno tulitumialo kulaani dhuluma katika ajira na ugawaji wa mali ya umma ni ndugu wa tumbo moja. Undugu huo unafaa kututia wasiwasi. Mwenye upendeleo si kwamba hana upendo. Anao, tena huenda ni mwingi, ila umekoma mlangoni pake. Anawapenda wa nyumbani kwake, wa kijiji chake na wa lugha ya mama yake, na kwa ajili ya kuwapenda hao yu tayari kuwanyima wengine haki yao.

Wakenya tuliuona mwisho wa mapenzi ya namna hiyo baada ya uchaguzi mkuu wa Desemba 27, 2007. Katika majuma yaliyofuata, watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafurushwa makwao, mpaka mkataba wa maafikiano ulipotiwa saini Februari 28, 2008 kwa upatanishi wa Kofi Annan. Waliotenda ukatili ule hawakuwa watu wasiojua kupenda. Walikuwa baba, wana na ndugu waliopendwa majumbani mwao. Wala hawakukosa lugha ya kuelewana na majirani waliowageuka, kwani Kiswahili kilikuwapo, na ni kwa Kiswahili hicho walikuwa wameuziana maziwa na kupeana pole za misiba kwa miaka mingi.

Nalitaja jambo hili kwa sababu katika makongamano yetu, na hasa kila Julai 7 tunapoadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, tumezoea kusema kwamba Kiswahili ni lugha ya umoja. Kauli hiyo ina ukweli, lakini ukweli wake haujakamilika. Nchini Rwanda mwaka 1994, waliouawa na waliowaua walizungumza Kinyarwanda kimoja. Lugha huwatengenezea watu njia ya kufikiana, ila haiwalazimishi kuipita. Kinachowaunganisha watu hasa ni yale wanayotendeana kwa lugha hiyo.

Tusidhani kwamba maradhi haya yamo nje ya ua la chuo. Uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi ukikaribia, aghalabu hesabu ya kwanza kupigwa ni ya makabila. Wapo wanafunzi wanaomaliza miaka minne wakiwa wamekula meza moja na watu wa kwao tu. Wamejifunza isimujamii, wameandika kuhusu uwililugha na umilisi wa mawasiliano, na bado hawajawahi kumtembelea mwenzao wa eneo jingine la nchi akiwa mgonjwa. Mtu wa namna hiyo amepata elimu ya lugha. Elimu ya watu wanaoizungumza bado hajaipata.

Pole si samahani

Kiswahili kina neno ambalo wageni wengi hupata tabu kulitafsiri, nalo ni ‘pole’. Mtu akijikwaa mbele yako utamwambia pole, ijapokuwa si wewe uliyeliweka jiwe lile njiani. Akifiwa utampa pole. Akirudi kazini akiwa amechoka, pole. Akiugua, pole. ‘Samahani’ ni neno la aliyekosa. ‘Pole’ inaweza kusemwa na mtu asiyekosa lolote, ila amekataa kuyapita maumivu ya mwenzake kana kwamba hayamhusu. Ndani ya neno hili fupi mna maana nzima ya huruma: kwamba taabu yako inanigusa hata kama si mimi niliyeileta, na kwamba sitangoja kwanza kuthibitisha nani mwenye hatia ndipo nikusikitikie.

Tumebarikiwa pia na neno ‘rehema’, tulilolipokea kutoka Kiarabu. Katika lugha hiyo, mzizi unaozaa neno hili ndio uo huo unaozaa neno lenye maana ya tumbo la uzazi na undugu wa damu. Kumrehemu mtu, kwa mujibu wa asili hiyo, ni kumtazama kana kwamba mmetoka tumbo moja. Swali gumu ni hili: je, inawezekana kumtazama hivyo mtu ambaye kwa hakika hamkutoka tumbo moja, wala ukoo mmoja, wala imani moja?

Jibu tulipewa katika barabara ya Mandera. Mnamo Novemba 22, 2014, wapiganaji wa Al-Shabaab walilisimamisha basi lililokuwa limetoka Mandera, wakawatenga abiria wasiokuwa Waislamu na kuwaua watu 28. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 21, 2015, basi jingine lililokuwa likielekea Mandera lilishambuliwa karibu na El Wak. Wauaji walitaka abiria wajitenge vivyo hivyo. Safari hii Waislamu waliokuwamo walikataa. Baadhi ya wanawake waliwapa wenzao Wakristo vitambaa vya kujifunika kichwa ili wasitambulikane, na abiria wakawaambia washambuliaji kwamba ama wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi katika tukio hilo na akafariki Januari 2016 kutokana na majeraha hayo. Kisa hicho ndicho kilichozaa filamu fupi ‘Watu Wote’ ya mwaka 2017, ambayo iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka uliofuata.

Hebu tulitafakari jambo hili bila pupa. Abiria wale walijua fika yaliyotokea mwaka uliotangulia. Hawakuwa na muda wa kuhudhuria warsha ya maridhiano, wala hawakuwa wamejuana kwa miaka. Walichokuwa nacho ni kitambaa cha kichwani na sauti ya kusema hapana. Huruma yao haikuwa hisia nzuri iliyokaa moyoni. Ilikuwa tendo, tena tendo lililoweza kuwagharimu uhai, na mmoja wao lilimgharimu. Wengi wetu hatutatakiwa kulipa gharama kama hiyo. Tunachotakiwa ni kidogo mno kikilinganishwa na kile, na ndiyo sababu visingizio vyetu ni vyepesi.

Kutenda, kutendea, kutendeana

Kila mwanafunzi wa sarufi anazijua kauli za vitenzi. Tuchukue kitenzi ‘pika’. Katika sentensi ‘Amina anapika’ tunamwona Amina na chungu chake. Hatujui kama kuna mtu mwingine nyumbani. Tukisema ‘Amina anampikia’, papo hapo anaingia mtu wa pili, na kiambishi cha mtendewa kinajitokeza ndani ya kitenzi. Kauli ya kutendea ndiyo inayomwingiza mwenzetu katika sentensi kwa kumpa nafasi ya kunufaika. Tukiendelea tunafika ‘wanapikiana’, ambapo kila mmoja ni mtenda na mtendewa kwa wakati mmoja. Ndivyo ilivyo katika ombea na ombeana, lilia na liliana, hurumia na hurumiana.

Sasa tutazame mpangilio wa mofimu katika ‘tendeana’: tend-e-an-a. Kiambishi cha kutendea hutangulia cha kutendana. Sidai kwamba sarufi ni kitabu cha maadili. Ninachosema ni kwamba mpangilio huu unafanana na mwendo wa uhusiano wa kweli. Hatufiki kwenye kutendeana kabla ya mmoja wetu kuanza kwa kutendea. Urafiki mwingi hufa kwa sababu marafiki wawili wamekaa, kila mmoja akingoja mwenziwe aanze. Huyu anasema, mbona hanitafuti? Yule naye anauliza swali lilo hilo. Wote wawili wanataka ‘-an-’ bila ‘-e-’. Wahenga waliwajua watu wa aina hii, wakawausia: tenda wema nenda zako, usingoje shukrani. Hawakusema hivyo kwa sababu shukrani haina thamani. Walijua kwamba anayengoja hakikisho la kulipwa hataanza kamwe.

Hata hivyo, hapa pana hatari ambayo haifai kufumbiwa macho. Kutendea kusikofika kutendeana kunaweza kugeuka utumwa. Mhakiki yeyote wa fasihi ya Kiswahili amekutana na mjadala unaouzunguka Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mnamo 1858 na mama aliyekuwa mgonjwa kwa ajili ya bintiye. Wako wanaousoma kama hazina ya hekima na mapenzi ya mzazi. Wako pia wanaouliza kwa nini wajibu wa kupendeza, kunyenyekea na kutunza umewekwa kwenye mabega ya mke zaidi. Mimi naona kwamba masomo hayo mawili hayapingani. Mama yule alimpenda mwanawe kwa dhati, na akamwandaa kwa ulimwengu jinsi alivyoujua. Wajibu wetu sisi ni kuuliza kama ulimwengu huo ni wa haki.

Swali hilo si la darasani tu. Januari 27, 2024, maelfu ya Wakenya waliandamana Nairobi na katika miji mingine kupinga mauaji ya wanawake. Baadhi ya waliouawa katika nchi hii wameuawa na watu waliowaita wapenzi. Kwa hiyo msichana anayepigwa na mpenzi wake asiambiwe na rafiki zake kwamba mvumilivu hula mbivu. Methali hiyo ilikusudiwa mkulima anayengoja tunda liive. Haikukusudiwa mtu anayengoja kuuawa. Huruma ya kweli hapo ni kumsaidia aondoke, apate pa kulala, na ajue kwamba tangu 2015 nchi yetu ina sheria ya kumkinga dhidi ya ukatili wa nyumbani. Kumhurumia mtu hakumaanishi kumwacha akuumize, wala kumshauri mwingine avumilie kuumizwa.

Siri ya mtungi

Kiswahili kina methali kadhaa zinazotuonya kwamba maumivu ya mtu mwingine hayaonekani kwa urahisi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Ukizisoma hizi peke yake, unaweza kukata tamaa, ukasema kwamba hakuna anayeweza kumwelewa mwenzake, basi kila mtu na lwake. Lakini wahenga hao hao walituachia methali nyingine: siri ya mtungi aijuaye kata. Kata huijua siri ya mtungi kwa sababu huingia ndani. Haisimami pembeni ikakisia kina cha maji. Tena haiingii mara moja. Huingia asubuhi na jioni, siku nenda siku rudi. Ukaribu wa watu hujengwa vivyo hivyo, kwa kurudi mara kwa mara, wala haujengwi kwa tukio moja kubwa.

Salamu za wazee wetu zilikuwa ndefu kwa sababu hiyo. Habari za nyumbani? Watoto hawajambo? Mama anaendeleaje na mguu? Shamba je? Kijana mwenye haraka huona kwamba maswali hayo ni ya kupoteza wakati, kwa kuwa majibu ya mwanzo huwa yale yale: njema, salama, hawajambo. Lakini katika swali la tatu au la nne, mtu aliyekuwa na jambo hupata upenyo wa kulisema. Njema, isipokuwa huyu mdogo ana homa. Salama, ila mvua imetupa mgongo. Urefu wa salamu ulikuwa mlango uliochelewa kufungwa makusudi, ili mwenye neno lake apate kupita.

Siku hizi vijana huamkiana ‘mambo?’. Si haki kuikejeli salamu hii, maana nayo ni swali, tena ni wingi wa ‘jambo’ lile lile la ‘hujambo’. Tatizo ni kwamba jibu lake limekwisha kuandaliwa: ‘poa’. Anayejibu tofauti ataonekana kana kwamba hajui desturi. Wala tusiilaumu simu ya mkononi kwa kila kitu. Simu hiyo hiyo ndiyo inayomwezesha mama aliye kijijini kumtumia mwanawe nauli kabla jua halijatua, na ndiyo inayodumisha mazungumzo ya wapenzi walio miji miwili tofauti. Kasoro imo katika mazoea yetu ya kuuliza huku tukiendelea kutembea.

Gharama ya mazoea hayo ni kubwa kuliko tunavyodhani. Katika mabweni yetu wamo wanafunzi waliochelewa kupata mkopo, waliofiwa na mzazi aliyekuwa akiwalipia karo, walioachwa na wapenzi, na wale ambao hawajui kwa nini wamechoka na maisha ila wamechoka. Wengi wao hujibu ‘poa’. Kwa miaka mingi sheria yetu ilimhesabu mtu aliyejaribu kujitoa uhai kuwa mhalifu. Mnamo Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilicholifanya jaribio hilo kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Kwa maneno mengine, mahakama ilikubali kwamba mtu wa namna hiyo anahitaji matibabu kuliko kifungo. Sheria ikiwa imeanza kuuliza ‘una nini?’ badala ya ‘umekosa nini?’, haifai sisi wasomi wa lugha tubaki nyuma yake.

Wapo watakaosema kwamba wao si wataalamu wa ushauri nasaha. Ni kweli, na hakuna anayewataka wawe. Rafiki hatakiwi kutibu. Anatakiwa kusikia, kuuliza waziwazi, kutomwacha mwenzake peke yake, na kumsindikiza hadi kwa mtaalamu. Tena kusindikiza kuna uzito wake. Kumwambia mtu ‘nenda ukaonane na mshauri’ ni kumpa anwani. Kumwambia ‘twende, nitakungoja nje’ ni kumpa mwenzi wa safari. Inafaa kukumbuka hapa kwamba asili ya neno ‘rafiki’ katika Kiarabu ni mwandani wa kufuatana naye njiani.

Lugha isiwe kiboko

Kuna namna moja ya ukosefu wa huruma ambayo ni yetu hasa, sisi watu wa idara za Kiswahili, nayo haizungumzwi vya kutosha. Ni kicheko kinachopasuka darasani pindi mwanafunzi anapotamka /r/ pahali pa /l/, au anapoliingiza umbo la lugha ya mama katika sentensi ya Kiswahili. Tumejifunza kwamba hiyo ni athari ya lugha ya kwanza, kwamba ni jambo la kawaida kwa kila ajifunzaye lugha ya pili. Tunaliandika hivyo katika karatasi za mtihani. Kisha tunatoka nje na kumcheka mwenzetu.

Kicheko hicho hakimrekebishi mtu. Humfunza kunyamaza. Mwanafunzi aliyechekwa katika muhula wa kwanza atachagua kiti cha nyuma katika muhula wa pili, na huenda akahitimu akiwa na alama nzuri za maandishi pasina ujasiri wa kusimama mbele ya darasa la shule ya upili. Vilevile, wapo wenzetu wa Pwani wanaomtazama mbara kama mgeni asiyeweza kuimiliki lugha, na wabara wanaomdhania Mpwani kuwa hana haja ya kusoma kwa kuwa alizaliwa nayo. Wote wawili wanaumizana kwa chombo ambacho kingewaleta pamoja.

Sisemi kwamba makosa yasisahihishwe. Usanifu una umuhimu wake, na mwalimu asiyesahihisha hampendi mwanafunzi wake. Lakini pana tofauti kati ya kusahihisha na kuaibisha. Anayesahihisha hulitazama neno. Anayeaibisha humtazama aliyelitamka, kisha huwatazama watazamaji. Mhadhiri anayemwita mwanafunzi kando na kumwelekeza kwa upole amefundisha mambo mawili kwa wakati mmoja: matamshi sahihi, na jinsi mwanafunzi huyo atakavyowatendea wanafunzi wake mwenyewe siku atakapokuwa mwalimu.

Tufanye nini?

Wengine hushikilia kwamba upendo haufundishiki, kwamba mtu ama anao au hana. Maoni yangu ni tofauti. Kupenda ni kitenzi, na matendo hujengwa kwa mazoezi. Jamii zetu zililijua hili. Wakamba walikuwa na mwethya, Wakikuyu wakawa na ngwatio, Abagusii wakawa na risaga, na Waswahili wakawa na ujima na mlo wa kikoa. Hizi hazikuwa hisia. Zilikuwa taratibu zilizopangwa, zenye siku na zamu, zilizohakikisha kwamba hata mtu ambaye hakujisikia kupenda siku hiyo alilima shamba la jirani yake. Mara nyingi hisia zilifuata baada ya jembe.

Napendekeza basi kwamba vyama vyetu vya Kiswahili virejeshe taratibu kama hizo kwa kiasi chake. Kwanza, kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza apewe mwenyeji wa mwaka wa tatu au wa nne kutoka jamii isiyokuwa yake, atakayemjulia hali kila juma kwa muhula mzima. Pili, pawe na mlo wa kikoa angalau mara mbili kwa muhula, kila mtu alete alichonacho, na asiye na kitu alete mikono ya kuosha vyombo. Tatu, pawe na watu walioteuliwa kumtembelea mgonjwa na mfiwa, ili jambo hilo lisiachiwe marafiki zake wa karibu peke yao. Nne, mwanafunzi akikosa kuhudhuria mihadhara kwa majuma mawili, atafutwe kwanza kama mtu, kisha ndipo ahesabiwe kama jina lililokosekana kwenye orodha. Hakuna lolote kati ya haya linalohitaji bajeti kubwa. Yanahitaji watu watakaokubali kuanza.

Kwa wahadhiri wetu, ambao tunawaheshimu kama wazazi, ombi langu ni moja. Mzigo wao ni mzito, madarasa yamefurika na karatasi za kusahihisha hazina mwisho. Hata hivyo, mwanafunzi huweza kusahau nadharia tano za uhakiki na asimsahau mhadhiri aliyemuuliza, ‘Mwanangu, mbona siku hizi umekonda?’ Swali la namna hiyo halichukui dakika mbili, na laweza kuwa ndilo lililomzuia mtu kuacha masomo.

Kwa kutamatisha, Kiswahili hakitatufanya tupendane kwa sababu tu tunakizungumza, kukiandikia tasnifu na kukiimbia sifa. Kimetupa pole, kimetupa hodi na karibu, kimetupa kauli ya kutendea na ya kutendana, kimetupa salamu ambayo ni swali. Kazi iliyobaki si yake tena. Wapenzi wa Kiswahili, tuulizapo ‘hujambo?’, tusimame tungoje jibu. Nasi tunapoulizwa na mtu aliyesimama kutungoja, tusiogope kumwambia kwamba tunalo.